Ngazi Mia Nne na Barua Kumi na Moja

Kiwandani walimwita Mama Barua, na jina hilo hakuliokota njiani. Kwa miaka kumi na tisa, mteja yeyote aliyekuwa na la kusema kuhusu ngazi zao za kukunja, barua yake iliishia mezani kwa mama huyu. Za kusifu zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Ni nani anayeketi chini kuandika barua ya kuisifu ngazi? Nyingi zilikuwa za kufoka. Yeye alizisoma zote bila kukunja uso, akazijibu kwa maneno laini kiasi kwamba wapo waliomwandikia tena kumwomba radhi kwa ukali wao.

Chumba chake kilibanwa kati ya stoo ya rangi na vyoo vya wanaume. Kilikuwa na meza, makabati mawili ya chuma yaliyojaa mafaili, na feni iliyolalamika kuliko wateja. Akitaka kufungua droo ya chini, ilimbidi kwanza asimame, akisukume kiti hadi mlangoni, ndipo ainame. Hakujali. Alikuwa mtu wa kudadisi, na barua zilimletea mambo ya watu hadi miguuni: nani kaanguka akichuma maembe ya jirani, nani ngazi yake imeazimwa na shemeji na hairudi. Mdogo wake, nesi waliyekaa naye nyumba moja, alipenda kumtania: "Dada, wewe ungekuwa daktari, mgonjwa angejifanya amepona ili umpunguzie maswali."

Jumanne moja asubuhi tarishi akamwekea mezani sanduku la viatu lililofungwa kwa utepe wa kushonea. Ndani mlikuwa na kifungio cha chuma, kile kinachoishika ngazi isijikunje mtu akiwa juu. Ulimi wake ulikuwa umepinda kama kijiko kilichochezewa na mtoto. Chini yake palikuwa na karatasi moja.

"Mimi ni fundi mapazia," barua ilisema. "Nilikuwa juu ya ngazi yenu, kikanyagio cha tano, natundika pazia sebuleni kwa mteja wangu. Kifungio kikaachia. Nimevunjika nyonga. Siwaombi fidia wala ngazi mpya. Wanangu wakitaka hayo watayafuata wenyewe. Mimi nina swali moja, na nimepata muda mrefu wa kulifikiria kwa sababu nimelala chali. Mlijua?"

Mama Barua aliisoma mara tatu. Watu wanaomwandikia hutaka kitu: ngazi nyingine, kuombwa radhi, au mtu afukuzwe kazi. Huyu alitaka kujua tu. Na kwa kuwa yeye mwenyewe ndivyo alivyoumbwa, barua ile ilimgusa pale hasa. Jibu alikuwa nalo tayari: hapana, hatukujua. Lakini hakupenda kujibu swali zuri namna ile kwa kubahatisha. Akakigeuza kifungio, akaona namba ya fungu imechongwa nyuma: hamsini na mbili. Kila ngazi mia nne zilizotoka pamoja ziliitwa fungu moja, na hakuna fungu lililoruhusiwa kuvuka geti kabla ya kupita mikononi mwa Bwana Mchanga.

Bwana Mchanga alikuwa mpimaji wa kiwanda, mtu mrefu, mwembamba, mwenye miaka ishirini na sita kazini. Kazi yake ilikuwa kuchagua ngazi tatu kutoka kila fungu, kuzisimamisha katika banda la majaribio, kuzitundikia mifuko ya mchanga yenye uzito wa watu wawili wanene, kisha kukaa mbele ya ngazi hizo saa nzima akiiangalia saa ya ukutani. Mchanga ulimwingia kwenye mifuko ya suruali, kwenye nyusi, kwenye chai. Wafanyakazi walimheshimu. Zamani, enzi za mkurugenzi aliyepita, aliwahi kukataa fungu zima kwa sababu ya ribiti legevu, kile kipini cha kubania vyuma, akasimama mbele ya wakubwa mikono nyuma na kuwaambia, "Mkitaka zitoke, zitoke bila sahihi yangu." Hazikutoka.

Mama Barua alipofika bandani, mwenyewe alikuwa amekwenda kunywa chai. Daftari la majaribio lilining'inia kwenye msumari kwa kamba, kama kawaida. Akalifunua hadi fungu la hamsini na mbili. Mwandiko ulikuwa ule ule wa Bwana Mchanga, wima kama ngazi zenyewe. "Jumamosi, saa tisa alasiri. Ngazi tatu. Saa moja. Zote zimeshika."

Akatabasamu. Kisha akaitazama tarehe, na tabasamu likamganda mdomoni.

Jumamosi ile aliikumbuka kwa ajili ya viatu. Alikuwa amenunua viatu vipya vya harusi, vikamng'ata vidole hadi akacheza peku. Na harusi yenyewe ilikuwa ya binti ya Bwana Mchanga. Kiwanda kizima kilikuwa ukumbini, kuanzia Bosi hadi mlinzi wa geti, ambaye alifunga kufuli mchana na kuja na sare yake. Mama Barua akatoa simu akatafuta picha. Hiyo hapo: saa tisa na dakika kumi, Bwana Mchanga ameushika mkono wa binti yake, analia kwa mdomo wazi mbele ya watu mia mbili. Mtu hawezi kulia ukumbini na papo hapo kupima ngazi kiwandani.

Mwingine angepandwa na hasira. Yeye alihisi kuwashwa, kama mtu aliyesikia nusu ya habari kupitia dirishani. Kwa nini? Mtu huyu huja kazini kwa baiskeli ile ile. Shati lake la kijani ana miaka nalo. Kama alihongwa, hongo ilikwenda wapi?

Jioni wakiwa jikoni akamsimulia mdogo wake. Nesi alikuwa akimenya viazi, wala hakuinua kichwa.

"Ametishwa huyo. Bosi kamwambia andika, la sivyo kesho usije."

"Bwana Mchanga hatishiki."

"Basi kapewa kitu."

"Kitu gani? Ungemwona yule, usingesema."

"Dada," nesi akasema, akaweka kisu chini, "watu hawadanganyi hivi hivi tu. Kuna anayefaidi. Mtafute anayefaidi."

Kwa hiyo asubuhi akaanza na Bosi. Bosi alikuwa mtu mchangamfu, mwenye tabia ya kupita kwenye mashine na kuwauliza watu habari za watoto wao kwa majina. Alimkaribisha, akamvutia kiti. Mama Barua akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta karatasi iliyopotea, kama analikumbuka fungu la hamsini na mbili.

"Nalikumbuka? Mama, mzigo ule ndio uliotuokoa! Lile duka kubwa la vifaa vya ujenzi, linalowagawia maduka madogo, lilikuwa limeshika mlango, linataka kututoka. Tungechelewa siku moja tu, tulikuwa tumekwisha."

"Na Bwana Mchanga alisemaje?"

"Alisema zimeshika. Yeye akisema zimeshika, zimeshika. Nikiwa na mtu yule bandani nalala usingizi wa pono."

Mama Barua alimchunguza usoni. Hakuona kilichofichwa. "Na wewe uliwaambia nini, kabla mzigo haujatoka?"

"Niliwakusanya pale uwanjani, si ulikuwepo? Niliwaambia ukweli. Mzigo usipotoka Jumatatu, nafunga upande wa pili wa kiwanda, watu arobaini wanakwenda nyumbani. Nikawaambia sisi ni familia. Na nikawaambia mtu asiniletee tatizo, aniletee ufumbuzi." Aliyasema kwa fahari, kama mtu anayesimulia siku aliyozima moto. "Na kweli, wakaleta."

Mama Barua akaondoka ofisini anatembea polepole. Yale maneno aliyakumbuka. Siku ile yeye pia alipiga makofi.

Alimkuta Bwana Mchanga bandani, amekaa kwenye kigoda mbele ya ngazi yenye mifuko, anahesabu dakika. Hakuzunguka. Akamwekea kifungio kilichopinda kwenye goti, na kando yake simu yenye picha ya harusi.

Bwana Mchanga alitazama kimoja, akatazama kingine. Kisha akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Niliichagua Jumamosi kwa sababu kiwanda kilifungwa," akasema. "Nilijiambia, hakuna mtu atakayeweza kusema hakuniona. Nikasahau kwamba ninyi nyote mlikuwa kwangu."

"Kaka, nani alikutuma?"

"Nitumwe na nani?"

"Bosi?"

"Bosi hajui mpaka leo."

"Basi ulipewa nini?"

Hapo Bwana Mchanga alikasirika kweli, akasimama. "Miaka ishirini na sita sijatoka hapa na hata msumari! Kifuko changu mlinzi anaweza kukikagua kila siku. Nipewe nini mimi?"

"Ndilo ninalouliza," Mama Barua akasema kwa upole. "Nimekosa usingizi kwa sababu hiyo. Ungekuwa mwizi ningekuelewa."

Akaketi tena. Akaanza kuuchezea mchanga uliomwagika chini, akiuchora kwa ncha ya kiatu. Alimsimulia taratibu. Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, alitundika ngazi tatu. Mbili zilishika. Ya tatu, dakika ya arobaini, kifungio kikatoa sauti kama mtu anayefyonza, kikaachia. Vilikuwa vifungio vya aina mpya, kutoka kwa muuzaji mpya. Kanuni ilikuwa wazi: moja ikiachia, fungu zima linasimama, kila ngazi inafunguliwa. Kazi ya wiki nzima.

"Nikaingia ndani kumwambia Bosi. Nikapita kwenye mashine. Nikawaona wale arobaini, dada. Wengine nimewafundisha kazi mimi. Nikafika mlangoni kwa Bosi, mkono uko juu kubisha, nikasikia anacheka ndani na mtu wa duka, anamwambia, 'Sisi tuna mpimaji hajawahi kutuangusha.' Nikaushusha mkono."

"Ukarudi."

"Nikarudi. Nikaitundika tena ile ya tatu. Ikashika dakika hamsini kabla sijaishusha mwenyewe. Nikajiambia, basi, ile ya kwanza nilifunga vibaya. Halafu nikajiambia, nani anakaa juu ya ngazi saa nzima? Mtu anapanda, anabadilisha taa, anashuka. Halafu nikajiambia, uzito huu ni wa watu wawili, nani anapanda na mwenziwe? Kila nikijiambia, naona ni kweli. Jumatatu asubuhi nikaandika." Akainua macho. "Na unajua kitu cha ajabu? Sikujiona muongo. Nilijiona shujaa. Nilirudi nyumbani kifua mbele kama askari."

"Na sasa?"

Bwana Mchanga alikiokota kifungio, akakigeuza kwenye mwanga. "Huyu aliyeanguka ni nani?"

"Fundi mapazia. Nyonga."

Saa ya ukutani ilitimiza dakika zake, lakini hakusimama kuishusha mifuko.

Mama Barua akarudi chumbani kwake na moyo mzito, ila kichwa chepesi kama cha mtu aliyepata jibu. Basi ndiyo hivyo. Hapakuwa na hongo wala vitisho. Ni mtu kupenda mahali pake kupita kiasi. Alimhurumia, na ndani kabisa, kwa mbali, alijiona bora kidogo kuliko yeye. Akavuta karatasi amjibu fundi mapazia. Aliamua kuandika kwa uangalifu, kwanza barua fupi ya kupokea, kisha baadaye ile ndefu. Kalamu ikaanza kutembea yenyewe, kama miguu inayojua njia ya nyumbani:

"Mpendwa mteja, tumepokea barua yako kwa masikitiko. Hii ni mara ya kwanza kwa kampuni yetu kupokea malalamiko ya namna hii."

Akasimamisha kalamu.

Aliitazama sentensi ile ya pili kama mtu anayesikia sauti yake mwenyewe kwenye kinasa sauti kwa mara ya kwanza, anauliza, huyu ni mimi? Je, ilikuwa mara ya kwanza? Hakujua. Aliiandika kabla ya kujiuliza. Akasimama, akasukuma kiti hadi mlangoni, akainama kwenye droo ya chini.

Mafaili yalipangwa kwa majina ya maduka. Yeye ndiye aliyeyapanga hivyo, na hakuna aliyemwelekeza. Barua ya mtu aliyenunua kwenye duka hili haikukutana kamwe na ya mtu aliyenunua kwenye duka lile, hata kama wote wawili walilalamikia kitu kimoja. Siku ile akayatoa yote. Meza ikajaa, akashuka sakafuni, akavua viatu, akaanza kupanga upya, si kwa duka, bali kwa ugonjwa: miguu ya mpira huku, rangi kule, vikanyagio pale. Na vifungio.

Za vifungio zilizotaja namba ya fungu la hamsini na mbili zilikuwa kumi na moja, bila kuhesabu ya fundi mapazia. Mchora mabango: "kinajifungua kidogo kidogo." Mke wa mchungaji: "kinacheza kama jino bovu." Fundi umeme aliruka kwa wakati, akateguka kifundo tu. Mwalimu wa shule ya chekechea aliandika mara mbili. Na kwenye kila moja, imebanwa kwa pini, nakala ya jibu. Akayasoma majibu yale moja baada ya jingine. Hii ni mara ya kwanza kwa kampuni yetu. Hii ni mara ya kwanza. Mwalimu yule, hata barua yake ya pili ilijibiwa kwamba ni mara ya kwanza.

Mama Barua alikaa pale sakafuni hadi miguu ikafa ganzi. Aliogopa, ndiyo, lakini zaidi ya kuogopa alishangaa. Nani alimwambia aandike vile? Alirudi nyuma kichwani, mwaka baada ya mwaka, akimtafuta mtu huyo. Hakumpata. Alichokipata ni asubuhi moja katika mwaka wake wa kwanza, alipomwandikia hivyo mteja mmoja mkali ili tu atulie, na mkurugenzi wa wakati ule akaisoma barua akamwambia mbele ya watu, "Mama, una kalamu tamu wewe." Basi. Neno moja tamu, na yeye akalilipia kwa miaka kumi na tisa.

Hakumaliza kuandika. Siku iliyofuata akaomba ruhusa, akaenda mwenyewe kwa anwani iliyokuwa kwenye sanduku.

Kitanda cha fundi mapazia kilikuwa kimehamishiwa chumba cha kushonea. Mwenyewe, mwanamke wa miaka sitini na kitu, alilala katikati ya majora ya vitambaa kama malkia aliyezingirwa, akiwaamrisha wasichana wawili waliokuwa kwenye cherehani. "Hapo umekwenda upogo, fumua." Alipomwona mgeni akawaambia wazime mashine, wakatengeneze chai.

"Wewe ndiye kampuni?" akauliza.

"Mimi ndiye ninayejibu barua, mama."

"Haya, nijibu."

Njia nzima Mama Barua alikuwa amejitungia maneno. Yote yalimtoka. "Tulijua," akasema. "Mpimaji wetu alijua tangu mwanzo. Na mimi nilikuwa na barua kumi na moja kabla ya yako."

Fundi mapazia hakupiga kelele. Alimtazama kwa macho makali ya mtu aliyezoea kutafuta kasoro kwenye mshono. "Walikulipa?"

"Hapana."

"Walikutisha?"

"Hapana, mama."

"Basi ilikuwaje? Niambie polepole, nataka kuelewa. Mimi nimelala hapa wiki sita nawaza kuna tajiri mmoja mahali fulani anahesabu ngazi zake na kunicheka."

"Hakuna tajiri anayecheka. Bosi wetu hata hajui." Mama Barua alitafuta maneno. "Ukikaa mahali miaka mingi, mama, unaacha kusema 'wao', unaanza kusema 'sisi'. Mtu akiwalalamikia, ni kama amemsema vibaya mzazi wako. Unamtetea kwanza, kufikiri kunakuja baadaye. Kwangu mimi kufikiri hakukuja kabisa. Ningefanya vile kwa ajili yangu mwenyewe, ningeona aibu. Kwa ajili ya kiwanda, nilijiona mwema."

Wasichana walileta chai, wakatoka tena. Ndipo fundi mapazia akasema, huku anautazama mlango waliotokea:

"Yule mwembamba. Mwaka jana mteja alirudisha pazia limechujuka baada ya kufuliwa mara moja. Jora lile lilikuwa bovu, tulilijua. Kabla sijafungua mdomo, binti yule akamwambia mteja, 'Mama, utakuwa umelifua kwa maji ya moto.' Mteja akaondoka ameinamisha kichwa, anajilaumu. Unajua mimi nilifanya nini?"

"Ulimgombeza?"

"Nilimpa siku ya kupumzika." Akavuta shuka. "Nilifurahi. Nilijiona ninapendwa."

Wakatazamana. Kwa muda walikuwa kama watu wawili waliokutana mbele ya mashine isiyofahamika, kila mmoja anaikagua kwa upande wake.

"Lakini hilo halikuondolei lako," fundi mapazia akasema.

"Najua, mama."

"Ngazi kama yangu ziko ngapi kwa watu?"

"Zilitoka mia nne."

"Na wewe umekaa hapa unakunywa chai?"

Mama Barua hakuimaliza ile chai. Alirudi moja kwa moja bandani, akamwambia Bwana Mchanga kwamba anakwenda kwa Bosi na barua kumi na mbili. Alitegemea ubishi. Bwana Mchanga alilichomoa daftari kwenye msumari, akapangusa mchanga kwenye jalada, akasema, "Twende. Tena nitangulie mimi, wewe una mdomo laini, utanipaka mafuta."

Bosi aliwasikiliza akiwa amekaa. Kisha akasimama, akazunguka meza, akakaa tena. Uso ulimbadilika mara kadhaa. "Nani aliwaambia mfanye mambo haya?" akauliza hatimaye, na sauti ilimpanda. "Mimi niliwaambia? Nionyesheni siku niliyowaambia!"

"Hukutuambia," Bwana Mchanga akasema. "Ila ulitaka sana, na sisi tulikuona unavyotaka."

"Ungekuja ukanieleza!"

"Nilikuja. Nilifika hapo mlangoni." Akaonyesha kwa kidole. "Nikuulize, Bosi, na mimi leo sina cha kupoteza. Ningebisha siku ile, yule mtu wa duka akiwa amekaa hapa, nikakwambia moja imeachia. Ungefanyaje?"

Bosi akafungua kinywa. Mama Barua alimwangalia kwa makini sana, kwa sababu hilo ndilo alilotaka kulijua kuliko yote. Bosi akakifumba tena. Nje mashine zilikuwa zinakata alumini, kelele ile ile ya kila siku.

"Sijui," Bosi akasema. "Wallahi sijui."

Siku tatu baadaye tangazo likasomwa redioni na kutoka magazetini: mwenye ngazi ya fungu la hamsini na mbili asiipande, airudishe. Duka kubwa likavunja mkataba. Upande wa pili wa kiwanda ulifungwa miezi miwili, na wale arobaini wakaenda nyumbani, kama ilivyohofiwa tangu mwanzo. Thelathini na moja ndio walioitwa tena. Bwana Mchanga aliondolewa bandani, akastaafishwa kabla ya wakati wake. Alikwenda mara mbili kumtembelea fundi mapazia. Mara ya kwanza hakufunguliwa mlango, mara ya pili alikaa kidogo. Mama Barua alipewa onyo kali kwa maandishi. Aliisoma barua ile kwa jicho la kitaalamu, akaona imeandikwa vibaya.

Wapo waliomnunia. Mwanamke mmoja wa kupaka rangi, rafiki yake wa siku zote, alimpita kwenye korido kama anapita ukuta, kwa sababu mumewe alikuwa miongoni mwa wale tisa ambao hawakuitwa tena. "Umetuuza," alimwambia siku moja, na Mama Barua hakujitetea. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Usiku alimwambia mdogo wake, "Nilitafuta anayefaidi, sikumpata. Sasa natafuta asiyeumia, naye simpati."

Bosi alibadilisha mambo mawili matatu. Mpimaji mpya, mwanamke aliyetoka kiwanda cha mitungi ya gesi, alipewa mlango wake mwenyewe wa kuingia kwa Bosi na ruhusa ya kufunga geti bila kuomba. Na siku moja uwanjani Bosi alianza kusema, "Mtu asiniletee tatizo...", akasita, akakohoa, akaendelea na habari nyingine. Mama Barua aliyekuwa nyuma kabisa alijiuliza kama yupo mwingine aliyegundua.

Kazi yake sasa ilikuwa simu. Ngazi zilirudi kwa malori, kwa mikokoteni, nyingine mabegani mwa wenyewe, waliokuja wakinung'unika kwamba yao ni nzima, haijawahi kuwaangusha. Zilipofika mia tatu na kumi na nane, wimbi likakatika. Themanini na mbili zilikuwa bado huko nje. Akawa anakusanya majina duka kwa duka, anapiga, anauliza, anafuta kwenye orodha.

Alhamisi moja asubuhi akampata mzee mmoja mwenye sauti nzito, mstaafu wa posta, aliyekuwa kiziwi kidogo.

"Ngazi? Ndiyo, ninayo!" mzee akapaza sauti. "Nzuri sana. Hata sasa mke wangu yuko juu yake anabadilisha balbu ya jikoni!"

Mama Barua alisimama ghafla, kiti kikagonga mlango. "Mzee, mwambie ashuke. Polepole. Wewe nenda uishike kwa mikono miwili, simu iache wazi."

Akasikia simu inawekwa mezani. Akasikia kandambili zinakokota, mzee anaita, mwanamke anabisha, kisha kikanyagio kimoja kikilia, na kingine, na kingine. Alivihesabu vyote, kimoja kimoja.

"Ameshuka," mzee akasema. "Ila amekasirika. Anasema balbu haijakaa sawa bado."

"Mpe pole," Mama Barua akasema, akavuta karatasi aandike anwani. "Mwambie asiiguse tena. Ninakuja na gari, na ngazi nyingine nitaipanda mimi."